Mtoto Akimwongoza Mtoto: Historia Fupi ya Kiranja, Mpira na Saa ya Chakula

Katika shule nyingi za msingi nchini Uingereza, kengele ya chakula cha mchana inapolia, anayewapanga watoto wa miaka 5 na 6 uwanjani si mwalimu. Ni mwanafunzi mwenzao wa miaka 10 au 11, aliyevaa fulana ya rangi inayomtambulisha, mwenye mpira mkononi. Amepewa mafunzo ya muda mfupi: namna ya kuueleza mchezo kwa maneno machache, namna ya kugawa timu bila kumwacha mtu, namna ya kumvuta mtoto aliyejibanza ukutani, na wakati gani amwite mtu mzima. Yeye na wenzake huendesha klabu ya michezo ya wadogo wao, kisha kengele ikilia tena hurudi darasani kama wanafunzi wengine.

Mpango huu una sifa zake. Mkubwa anajifunza subira na namna ya kusema na watu. Mdogo anapata rafiki wa darasa la juu na anacheza badala ya kuzubaa. Mtu akiutazama leo kwa mara ya kwanza ataona wazo jema na jipya, na atatamani tulilete nyumbani. Wazo ni jema, lakini si jipya. Lina historia ya zaidi ya miaka 200, na historia hiyo ina somo moja ambalo watunga sera wetu, na wanafunzi wangu wanaojiandaa kuwa watunga sera, wanapaswa kulijua kabla ya kunakili chochote. Karibu kila mara mtoto alipopewa kazi ya kuwaongoza watoto wenzake, palikuwa na mtu mzima aliyekosekana. Swali la msingi ni hili: mtu mzima huyo alikosekana kwa nini, na je, alirudi?

Kutoka Madras hadi London

Mwishoni mwa karne ya 18, kasisi mmoja Mskoti, Andrew Bell, alikuwa msimamizi wa kituo cha wavulana yatima huko Egmore, Madras, nchini India. Yatima hao walikuwa wana wa askari wa Kizungu. Bell alikuwa amewaona watoto wa Kihindi katika shule ya mtaani wakijifunza herufi kwa kuziandika kwa kidole mchangani. Alipotaka kuutumia mtindo huo kituoni, walimu wake watu wazima walikataa au walishindwa. Basi akamchukua mwanafunzi wa miaka 8, John Frisken, akampa darasa la alfabeti alifundishe. Kijana akafaulu pale wakubwa walipokwama. Bell akaueneza utaratibu huo kituo kizima, na mwaka 1797 akauchapisha London kama jaribio la kielimu.

Mwaka uliofuata, Joseph Lancaster, kijana wa madhehebu ya Quaker, alianza kuwafundisha watoto wa maskini katika eneo la Southwark, London. Hakuwa na fedha za kuajiri wasaidizi. Akatumia wanafunzi wakubwa: mwalimu mmoja anawafundisha viranja wachache, na kila kiranja anakwenda kulifundisha kundi lake. Lancaster alijigamba kwamba mwalimu mmoja kwa njia hiyo aliweza kuwasomesha watoto 1,000. Wakubwa wa nchi hawakusikia muziki mtamu kuliko huo. Katika miaka michache viliundwa vyama viwili vikubwa vya kueneza mfumo huu, kimoja kikiwa cha wafuasi wa Lancaster na kingine, kilichoanzishwa mwaka 1811, cha Kanisa la Anglikana kikimfuata Bell. Ukasambaa Uingereza, Ulaya, Marekani na makoloni.

Tusiwadharau watu hao. Bila wao, maelfu ya watoto wa maskini wasingeijua hata herufi moja. Lakini tuangalie pia upande wa pili wa sarafu. Kiranja alifundisha alichokariri tu. Alipoulizwa swali nje ya hapo hakuwa na jibu. Na ili watoto mia kadhaa wakae kimya chini ya amri ya watoto wenzao, Lancaster alibuni adhabu za kudhalilisha: gogo la kuning'inizwa shingoni, pingu za miguu, na kapu la kumpandishia mkosaji darini aonekane na wote. Kiranja hakuwa na elimu wala umri wa kumpa heshima, kwa hiyo aliongezewa nguvu ya kutisha. Mamlaka yasiyo na maarifa huomba msaada wa fimbo.

Kufikia miaka ya 1840 kasoro hizo zilikuwa bayana. Mwaka 1846 James Kay-Shuttleworth, mtumishi mkuu wa serikali katika masuala ya elimu, alianzisha utaratibu mwingine: kijana wa kuanzia miaka 13 anajifunza ualimu chini ya mwalimu kwa miaka 5, akilipwa na serikali pauni 10 mwaka wa kwanza, zikiongezeka hadi pauni 20 mwaka wa mwisho. Jambo la kulishika hapa ni malipo na mafunzo. Dola ilikiri kwamba kazi ya kufundisha ni kazi, na anayeifanya, hata awe kijana, ana haki ya ujira, mwalimu wa kumfundisha, na njia ya kupanda. Huo ulikuwa mwanzo wa kuagana na ualimu wa watoto.

Michezo na mlo

Michezo ilifuata njia yake. Katika shule za bweni za matajiri wa England, wavulana walijiendeshea michezo yao wenyewe kabla walimu hawajaigeuza kuwa sehemu ya malezi. Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, aliwakabidhi wanafunzi wa darasa la juu kabisa madaraka ya kulinda maadili ya shule nzima. Baada yake, ukiranja na unahodha wa timu vikashikana mikono. Hapo uongozi wa mtoto haukutokana na uhaba wa fedha, bali na siasa: shule ilikuwa kiwanda cha watawala. Mtoto wa tajiri aliongoza ili ajizoeze kutawala. Mtoto wa maskini kule Southwark aliongoza kwa sababu hapakuwa na fedha za mwalimu. Jina la cheo lilikaribiana, lakini mantiki zilitofautiana kama usiku na mchana.

Watoto wa shule za kawaida walipewa gwaride, si michezo. Ilibidi itokee vita ya Makaburu huko Afrika Kusini, ambapo vijana wengi waliojitokeza kujiunga na jeshi walikutwa na afya duni, ndipo watawala wakashtuka. Mwaka 1904 kamati ya serikali ilitoa ripoti juu ya udhaifu wa miili ya wananchi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1906, mambo mawili yalifanyika kwa pamoja: Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwalisha watoto wenye njaa shuleni, na kanuni za elimu zikaruhusu michezo iliyopangwa ndani ya saa za masomo. Ninawaomba wasomaji waukumbuke mwaka huo, kwa sababu nitaurejea. Chakula na mchezo viliingia shuleni pamoja, vikiwa ndugu wa tumbo moja. Mtoto mwenye njaa hachezi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ilizilazimisha serikali za mitaa za England na Wales kutoa chakula cha mchana shuleni. Swali likawa: nani atawasimamia watoto wakati wa kula na baada ya kula? Kwa zaidi ya miaka 20 jibu lilikuwa mwalimu, apende asipende. Walimu walipigania haki yao ya kupumzika, na mwaka 1968 wakaondolewa wajibu huo. Nafasi yao ikachukuliwa na wasimamizi wa mchana, wengi wao wakiwa akina mama wa mtaani wanaolipwa kwa saa.

Hata hivyo walimu wengi waliendelea kujitolea kufundisha michezo mchana na jioni. Kisha ukaja mgogoro mrefu wa mishahara wa miaka ya 1984 hadi 1987. Walimu waligoma kufanya kazi zisizo za mkataba, na klabu za michezo zikawa za kwanza kuumia. Serikali ya Margaret Thatcher ilijibu kwa sheria ya mwaka 1987, na masharti mapya ya kazi yakahesabu muda wa mwalimu: saa 1,265 kwa mwaka. Tangu hapo kilichokuwa ridhaa kikawa hesabu, na klabu nyingi zilizokufa hazikufufuka.

Ombwe likaonekana, na ombwe halidumu. Kuanzia miaka ya 2000 serikali na taasisi za michezo ziliwekeza katika kuwafundisha vijana kuwa viongozi wa michezo, kwanza sekondari, kisha msingi. Ushindi wa London wa kuandaa Olimpiki ya 2012 uliongeza hamasa: mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa wanafunzi mabalozi wa michezo. Lakini mwaka 2010 Michael Gove, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kufuta pauni milioni 162 zilizokuwa zikigharamia mtandao wa ushirikiano wa michezo mashuleni. Baada ya Olimpiki, kelele zikiwa nyingi, serikali ilileta ruzuku mpya ya michezo kwa shule za msingi za England kuanzia mwaka 2013, pauni milioni 150 kwa mwaka, ambayo mwaka 2017 iliongezwa hadi milioni 320. Shule nyingi hutumia sehemu ya ruzuku hiyo kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu kuongoza klabu za mchana.

Kwa hiyo yule mtoto mwenye fulana ya rangi amesimama mwisho wa foleni ndefu. Mbele yake alisimama mwalimu aliyepumzishwa mwaka 1968, mwalimu aliyegoma mwaka 1984, na mratibu aliyepoteza bajeti mwaka 2010. Yeye hajui habari zao. Anajua tu kwamba wadogo wanamsubiri.

Kuna jambo la kuongeza. Watafiti Ed Baines na Peter Blatchford wa London walionyesha mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 7 wa shule za England walikuwa na dakika 45 pungufu za mapumziko kwa wiki kuliko mwaka 1995. Mchezo ulipangwa zaidi huku muda wa kucheza ukipungua. Klabu nzuri kiasi gani haiwezi kufidia dakika ambazo hazipo.

Na kwetu?

Hapa kwetu mtoto kumwongoza mtoto si jambo la kigeni. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, kabla ya shule ya mkoloni, mwanafunzi aliyetangulia alimshika mkono aliyeanza juzi na kumsomesha herufi kwenye ubao wake, huku mwalimu akisikiliza upande wa pili wa baraza. Katika mitaa yetu, kombolela, rede na mdako havikuwahi kufundishwa na mtu mzima. Dada mkubwa alimfundisha mdogo, na mdogo akawafundisha waliomfuata. Urithi huu haukuhitaji fulana wala cheti.

Kilichokuja na shule ya kikoloni ni kiranja: mtoto mwenye cheo kinachotoka juu. Naye amedumu. Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi anamfahamu kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele, anayesimamia foleni, anayegawa mafagio. Wengi tunamfahamu pia kiranja mwenye fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979 zilimpa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, hazikumtaja mwanafunzi. Lakini darasa lenye watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja lina kanuni zake, na kanuni hizo Joseph Lancaster angezitambua mara moja.

Tumewahi kuitumia mantiki ya Lancaster kwa ngazi ya taifa zima. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Ni haki kusema kwamba bila walimu wale wa UPE nchi isingefika ilikofika. Ni haki pia kusema kwamba dharura ile iliacha mazoea: pakikosekana mtu, tafuta mdogo wake.

Mazoea hayo yalikutana na wingi. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Elimumsingi bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ikaleta wimbi jingine. Viwanja havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mahali pengine viligeuzwa kuwa madarasa au vilivamiwa. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA yalisimamishwa kwa hoja ya kulinda muda wa masomo, yakarejeshwa baadaye katika muongo huohuo. Somo la Haiba na Michezo liliingia kwenye mtaala wa mwaka 2005, lakini katika shule nyingi kipindi chake kilikuwa cha kwanza kutolewa kafara mtihani wa darasa la saba ulipokaribia.

Mazingira haya yanalifanya wazo la wakubwa kuwaongoza wadogo mchana livutie sana. Halihitaji bajeti kubwa: mipira michache, kamba na chokaa. Linaweza kumpa msichana wa darasa la sita nafasi ya kuongoza mbele ya wavulana. Linaweza kumbadilisha kiranja kutoka mwandika majina kuwa mtu anayesubiriwa kwa furaha. Ningependa kuliona katika kila kata. Lakini ningependa kwanza maofisa elimu wetu, kuanzia kata hadi wizara, wajibu maswali manne.

La kwanza: watoto wamekula? Narudi kwenye mwaka 1906. Kwa mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila chai, na ambaye shule yake haina uji wala chakula, saa ya mchana ni saa ya njaa. Kumpanga mstari akimbie ni kumwongezea adhabu. Chakula kwanza, au vyote kwa pamoja. Mchezo peke yake hapana.

La pili: nani yupo nyuma ya mtoto anayeongoza? Mtoto wa miaka 12 hawezi kubeba dhamana ya mdogo aliyevunjika mkono au anayeonewa. Waswahili husema mkubwa ni jaa, kwa maana ya kwamba hubebeshwa kila taka. Lakini si haki jaa hilo liwe la mtoto. Awepo mtu mzima anayeonekana uwanjani, mwenye jina, mwenye zamu, na mwenye malipo au nafuu ya vipindi kwa kazi hiyo.

La tatu: anachaguliwa vipi na ana mamlaka gani? Tukiwachagua walewale wenye alama za juu na sauti kubwa, tutakuwa tumerudia shule ya Rugby kwa bei rahisi. Zamu izunguke, wasichana na wenye ulemavu wawemo, na mamlaka yaishie kwenye kuanzisha mchezo na kuusimamisha. Asipewe fimbo, asiandike majina.

La nne: muda gani unabaki wa watoto wenyewe? Mdako na rede vimeishi vizazi vingi bila msimamizi. Klabu iwe mlango ulio wazi kwa anayetaka, na kona ya uwanja ibaki kwa wanaotaka kucheza yao au kukaa tu kivulini.

Wapo watakaosema kwamba kungoja mpaka maswali yote haya yajibiwe ni kuua wazo zuri kwa urasimu. Hoja hiyo ina uzito. Shule yenye mwalimu mmoja mwenye ari inaweza kuanza Jumatatu ijayo, na ianze. Ninachokipinga ni jambo jingine: kuyafanya mafanikio ya mwalimu huyo na watoto wake kuwa waraka wa kitaifa usio na shilingi moja nyuma yake, kisha kuusoma majukwaani kama ushahidi kwamba michezo ya shule za msingi imepata ufumbuzi. Waingereza walihitaji karibu miaka 50, kutoka jaribio la Bell hadi mwaka 1846, kukubali kwamba kiranja hawezi kuwa mwalimu, na hata wao wamelisahau somo hilo zaidi ya mara moja.

Mtoto akimwongoza mtoto, wote wawili hukua, ilimradi mtu mzima hajaondoka uwanjani. Katika bajeti ijayo, wanafunzi na wanaharakati, tafuteni mstari unaomlipa mtu mzima huyo. Mstari huo usipokuwapo, ulizeni kwa sauti ni mtoto yupi ameandikwa mahali pake.